Lindos asubuhi, kuta za Rodo jioni: ninavyopanga ziara ya magofu kisiwani

Kisiwani Rodo, Ugiriki, kinachomchosha mtalii ni jua kuliko umbali. Kiangazi mawe ya magofu yanatema joto kama jiko, na joto likizidi serikali hufunga sehemu za kale saa za mchana, tiketi yako ikiwa mkononi. Ndiyo maana ratiba yangu naipanga kwa kufuata kivuli.

Lindos, kijiji chenye magofu juu ya mwamba, ndiyo ya kwanza, alfajiri. Iko yapata kilomita 50 kusini mwa mji mkuu wa kisiwa. Mabasi ya KTEL, shirika la mabasi ya abiria, yanayohudumia pwani ya mashariki huondokea karibu na Soko Jipya, jirani na bandari ya Mandraki, na safari inakula kama saa moja na nusu. Panda basi la mapema kabisa, ukae kushoto upande wa bahari. Ukichelewa hadi saa nne utapandana ngazini na abiria wa mabasi ya watalii na wa boti zinazotoka mjini.

Magari hayaingii kijijini. Kutoka kituoni unateremka kwa miguu, unapita vichochoro vilivyotandikwa kokoto, kisha unaanza kupanda mwamba wa mita 116. Wapo punda wa kukodi, lakini mimi siwashauri: njia ni fupi, na samadi yao ndiyo inayowatelezesha wanaotembea. Vaa viatu vya soli ya mpira, maana marumaru imesuguliwa na nyayo za karne nyingi na kandambili hazishiki. Maji lita moja na nusu kwa kila mtu, pamoja na kofia. Juu hakuna duka, na kivuli ni cha kubahatisha.

Kabla ya ngazi ndefu ya mwisho, simama utazame ukuta wa mwamba. Pamechongwa tezi, yaani sehemu ya nyuma, la merikebu ya kivita, kazi ya mchongaji Pythokritos ya karibu mwaka 180 KK, iliyokuwa tako la sanamu ya jemadari Hagesandros. Wengi hupita bila kuiona, macho yako kwenye ngazi. Juu kabisa kuna baraza lenye urefu wa mita 87, lililokuwa na nguzo 42, na nyuma yake hekalu la mungu wa kike Athena Lindia ukingoni mwa jabali. Nguzo zilizosimama si za kale zote. Waitaliano, waliokuwa wakikitawala kisiwa, walizisimamisha kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kwa zege na vyuma. Vyuma vikashika kutu, vikavimba na kupasua mawe, ikabidi mafundi wa baadaye waanze upya. Jiwe jeupe lisilo na vishimo aghalabu ni kiraka.

Mchana rudi mjini uingie ndani ya majengo. Watawa-askari wa Mtakatifu Yohane walitawala hapa tangu 1309 hadi Sultani Suleiman wa Waosmani alipouteka mji mwaka 1522, na hospitali yao ndiyo makumbusho ya leo. Jumba la Mkuu wao lisikudanganye: lililipuka mwaka 1856 kwa baruti iliyowekwa jirani, na unaloliona lilijengwa upya na Waitaliano, likakamilika 1940. Kilicho cha kale hasa kimo chini ya miguu yako, sakafu za mozaiki zilizoletwa kutoka kisiwa cha Kos.

Mtaa wa Wayahudi uingize kabla ya jioni. Sinagogi ya Kahal Shalom, ya mwaka 1577, haifunguki kwa watalii Jumamosi. Wayahudi wa Rodo wengi walihamia Kongo ya Wabelgiji, hasa Elisabethville, Lubumbashi ya sasa. Waliobaki walipelekwa Auschwitz na Wanazi mwaka 1944.

Mandraki usipoteze muda kulitafuta lile sanamu la shaba la mita 33, Kolosi wa Rodo. Liliangushwa na tetemeko mwaka 226 KK, leo hakijabaki hata kipande, na picha zinazolionyesha limetanua miguu juu ya mlango wa bandari ni ubunifu wa zama za baadaye.

Jua likishuka, teremka kwenye handaki linalouzunguka ukuta. Hakuna kiingilio, kuta zenyewe zinakukinga na jua, na risasi za mizinga za mawe za enzi za mazingiwa bado zimelala chini. Humo ndimo unene wa ngome unapoonekana, kuliko popote juu. Toka kabla ya giza: milango ya kutokea ni michache na imeachana mbali.