Taa zinawaka, hita haiwaki

Huku Uyole, Mbeya, baridi ya mwezi wa saba bila maji ya moto ni mateso, kwa hiyo hita ya bafuni ikigoma watu wanakimbilia kununua nyingine wakati mara nyingi hita yenyewe ni nzima. Jamani subirini kwanza. Taa ya wati 10 inakula umeme kiduchu sana, itawaka hata kama kuna waya umelegea mahali, lakini hita ya wati 3000 kwenye volti 230 inavuta kama ampea 13, hapo ndo kiungo kibovu kinajionyesha, kinapata moto na umeme unaofika kwenye hita hautoshi. Halafu fundi anachomeka testa, ile bisibisi yenye kitaa, inawaka, anasema umeme upo! Testa haikwambii umeme una nguvu kiasi gani, mwambie apime kwa mita ya volti hita ikiwa imewashwa.

Kwa dada yangu friji ilikuwa inaunguruma tu haianzi, taa zinafifia kila ikijaribu. Fundi akazima meni swichi, akafungua boksi la breka, waya mmoja plastiki yake imekuwa ya kahawia, imekakamaa, skrubu imelegea. Akakata kipande kilichoungua, akabadilisha na breka, basi.

Kama nyumba ina fezi tatu, yaani nyaya tatu zinazoleta umeme, huenda moja imekata, ulizeni majirani kwanza. Ila taa zikianza kung'aa kupita kiasi upande mmoja na kufifia mwingine, zima meni swichi hapo hapo maana huenda nyutro, ule waya wa kurudisha umeme, imekatika, itaunguza mpaka TV.