Miaka 14 baadaye, mgongo

Mama alikatwa titi la kushoto mwaka 2010, kwa saratani. Akapigwa mionzi pale Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, akameza tamoksifeni, dawa ya kuzuia saratani isirudi, miaka mitano, kidonge kila asubuhi baada ya chai. Tukashukuru Mungu, tukasahau.

Mwaka juzi mgongo ukaanza kumsumbua. Tukamchua kwa mafuta ya karafuu, tukasema ni umri, ni ndoo za maji. Miezi minne! Hadi usiku mmoja nikamkuta ameketi kitandani, pindo la kanga kaling'ata kwa meno asituamshe. Picha zikaonyesha saratani iko kwenye uti wa mgongo. Daktari akatueleza kuwa ni ileile ya titi, si mpya. Aina inayolishwa na homoni ya estrojeni, seli zake zinaweza kulala mwilini hata miaka 20, kisha zikaamka, mara nyingi kwenye mifupa.

Anaendelea na dawa. Maumivu yamepungua, jana kapika mwenyewe maharage ya nazi na kanigombeza kwa chumvi.

Ndugu zangu, kama mama yenu aliwahi kuugua saratani ya titi, maumivu ya mfupa yasiyoisha msiyachue tu. Mwambieni daktari historia yote, hata ya zamani. Sisi hatukuitaja.