Na mama mkwe kwenye tanuri la Catoctin

Kwetu Tanga, kumkalisha mama mkwe kiti cha mbele cha gari saa nzima ni jambo la kuitishiwa kikao. Lakini mimi nimeoa Baltimore, Marekani, na mwenyewe ndiye aliyeng'ang'ania nimpeleke. Bibi yake alizoea kusema wazee wao walikuwa "watu wa chuma, kule mlimani". Basi, urithi wote ndio huo.

Tukashika njia ya Frederick, kisha barabara namba 15 hadi kijiji cha Catoctin Furnace, jimboni Maryland. Thomas Johnson na ndugu zake walianzisha tanuri la kuyeyushia chuma hapo mwaka 1776. Mkaa, mawe ya chuma na mawe ya chokaa vilimiminwa kwa juu, usiku na mchana, chini kikatoka chuma kimeyeyuka. Watumwa walikuwa miongoni mwa waliolilisha. Tanuri linalosimama leo ni la miaka ya 1850, kwa hiyo wengi wa watu hao halikuwaona. Mama aliligusa hata hivyo, kiganja kizima, akakaa vile mpaka mimi nikajifanya nasoma bango.

Mwaka 1979, barabara ikitengenezwa, makaburi 35 ya watu hao yalifukuliwa na mifupa ikapelekwa Smithsonian, makumbusho ya taifa kule Washington. Majina hayakuwepo. Mwaka 2023 yakatoka matokeo ya vinasaba vya watu 27: katika kumbukumbu za 23andMe, kampuni ya kupima vinasaba, walipatikana ndugu zao 41,799 walio hai. Asili iliyojitokeza zaidi ni ya Wawolofu wa pande za Senegali na Wakongo, kabila la pande za mto Kongo.

"Kwa hiyo si kwenu," Mama akasema.

"Si kwetu, Mama." Nikaona haya, kana kwamba nimemnyima kitu.

Kwenye makumbusho ya hapo kijijini kuna sura ya kijana aliyezikwa pale, imefinyangwa kutokana na fuvu lake. Mama akaizunguka mara mbili. "Masikio ya kaka yangu haya." Sikumwambia kwamba fuvu halionyeshi masikio.

Nje aliinama akaokota kipande cha mavi ya chuma, yale mabaki ya kuyeyusha, kinang'aa samawati kama chupa iliyovunjika. Akakigeuzageuza juani, akakirudisha palepale.

Wakati wa kurudi tukapita tena pale barabara ilipokatiza makaburi.

"Punguza mwendo."

Nikapunguza. Lori la nyuma likapiga honi, likapiga tena. Mama alikuwa amevua kofia yake, ameiweka mapajani.