Matairi Yaliyokataa Kwisha

Jumamosi, 30 Agosti 2025

Leo asubuhi nimeyavua matairi ya gari langu. Nasema nimeyavua, lakini aliyeyavua ni fundi. Mimi nilikaa kwenye benchi lake chini ya mwembe, daftari mapajani, nikisoma niliyokuwa nikiyaandika tangu Februari 2020. Ni daftari la shule la kurasa 48, lile lile ninaloandika mafuta, oili na pancha. Ukurasa wa kwanza unasema: "Tairi nne mpya. Kilomita 118,400." Leo dashibodi inasoma 159,600. Toa mwenyewe: 41,200, kwa miaka mitano na nusu.

Gari ni Vitz ya 2006, ile ya injini ya lita moja, tairi 165/70 R14. Niliinunua ikiwa na matairi iliyokuja nayo kutoka Japani, na nikayatembelea mpaka yakawa vipara, trafiki akaniambia kwa upole kwamba siku nyingine hatanielewa. Nikaenda Kariakoo na laki tatu na nusu. Kaka yangu alinisindikiza. Si kwamba sijui njia ya Kariakoo. Mwanamke akienda peke yake kununua kitu cha gari, bei huwa inamtangulia.

Kijana wa dukani alituonyesha makundi mawili. "Dada, haya ya moyo, haya ya mfuko." Ya moyo yalikuwa ya Kijapani yenye jina ambalo hata mama yangu analijua, 170,000 moja. Ya mfuko yalitoka China, 85,000 moja, jina lake sikuwahi kulisikia kabla ya siku hiyo. Kaka akaliangalia lile la mfuko, akalipiga kofi kama anayenunua tikitimaji, akaniuliza: "Wewe unanunua tairi au unanunua jeneza?"

Kijana naye hakuwa mjinga. Akatoa kundi la tatu: jina kubwa lilelile, lakini 120,000. Kaka akafurahi, akasema ataniongezea. Mimi nikainama kutafuta zile tarakimu nne zinazokaa ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Lile la jina kubwa lilisoma 3614: wiki ya 36 ya mwaka 2014. Zaidi ya miaka mitano, na nililikuta limetundikwa nje mlangoni, juani, kama gauni la maonyesho. La Mchina lilisoma 4119. Lilikuwa na miezi minne tu tangu litoke kiwandani.

Nikanunua la Mchina, yote manne, 340,000. Kaka hakunisemesha mpaka Magomeni.

Kosa la kwanza lilionekana siku ileile kwenye kubalansi. Tairi lililotengenezwa vizuri lina uzito uliotapakaa sawasawa, kwa hiyo rimu linahitaji vipande vichache vya risasi. Moja la kwangu lilidai gramu 70. Fundi alibandika, akazungusha, akabandika tena, akasema tairi hili lilizaliwa usiku. Baada ya hapo usukani ulitulia, lakini kila mara lilipozibwa pancha ilibidi kubalansi upya, la sivyo kuanzia 90 mikono inatetemeka kama ya mtu mwenye homa.

La pili ni kelele. Mjini husikii, Dar ina kelele zake. Lakini tukishavuka Chalinze kwenda kwa mama Morogoro, barabara inanyooka, na gari linaanza kuunguruma kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili. Mwanangu alikuwa na miaka minne, akaniuliza kama kuna ndege juu yetu. Kwa kweli ilinichosha kuliko nilivyotegemea. Unafika kwa mama ukiongea kwa sauti ya juu bila kujua.

Lakini kupasuka? Hakuna hata moja lililopasuka. Tumepanda na kushuka Kitonga mara mbili tukienda Iringa, Desemba, gari limejaa watu na mchele. Ubavuni tairi limeandikwa 81T: 81 maana yake moja linabeba mpaka kilo 462, na T ni mwendo wa juu wa kilomita 190 kwa saa, mwendo ambao Vitz yangu haijauota hata usingizini. Gari dogo halilitesi tairi. Nadhani hilo ndilo kaka alilolisahau alipotaja jeneza. Yeye anaendesha Noah.

Nataka niseme kidogo kuhusu upepo, maana hapa ndipo nilipogombana na watu wengi. Kibandiko cha mlangoni ni cha Kijapani, lakini namba hazina lugha: 220 kPa, ambazo kwenye geji zetu ni 32. Nenda sasa kituo chochote cha upepo, sema 32. Kijana atakujazia 40. Ukilalamika atakwambia 32 ni chache, tairi litachoka. Bodaboda 40, Vitz 40, Prado 40. Tairi lililoshiba hivyo linakanyaga barabara kwa katikati tu, linaliwa katikati, na kila shimo linalipokea kama ngumi. Nilipochoka nikanunua geji yangu ya 15,000. Napima asubuhi kabla ya kutoka, kwa sababu tairi likishapata joto la barabara namba inapanda na unajidanganya. Majirani wameshaizoea picha: mama wa Vitz kachuchumaa na kanga kifuani, anasikiliza tairi.

Geji haikuniokoa na shimo la Goba. Mei 2022, masika inaelekea kuisha, shimo limejaa maji na mimi nikalichukulia kuwa dimbwi. Tairi la mbele kushoto. Halikutoa upepo, nikashukuru Mungu, nikaendelea. Kesho yake nikaona nundu ubavuni, saizi ya nusu ya limau. Zile nyuzi za ndani zinazoshikilia ubavu zikishakatika, pale upepo unazuiwa na mpira mtupu. Fundi mmoja wa njiani akaniambia, "Hilo bado mama, tembelea tu, ukiona linakua ndiyo ulete." Kwamba nisubiri likue! Nikanunua jingine moja, aina ileile, wakati huo limefika 95,000. Hapo ubavu laini wa tairi la bei rahisi nikauona kwa macho. Sisemi la moyo lisingevimba, shimo lilikuwa shimo kweli.

Marehemu baba alikuwa na Peugeot 504, na matairi yake yalitoka Arusha, kiwanda cha General Tyre. Alikuwa akisema "General" kwa namna watu wanavyomtaja mtu wa ukoo. Kile kiwanda kilisimamisha uzalishaji mwishoni mwa muongo wa 2000. Baba hakuwahi kuchagua kati ya moyo na mfuko, alikwenda dukani akanunua General, na kama halipo alisubiri. Nilimkumbuka sana leo pale kwenye benchi, sijui kwa nini, labda ni harufu ya mpira.

Basi. Nilikuwa nasema hayakupasuka. Na kilichonishangaza zaidi, hayakuisha. Nilikuwa napima kashata, yale mabonge ya mpira yanayokanyaga barabara, kwa rula ya mwanangu kila yanapozungushwa, mbele yaende nyuma, kila baada ya kilomita elfu kumi hivi. Yalianza na milimita 8. Mwaka 2021: 7. Mwaka 2023: 5 na kidogo. Mwaka huu: 4. Vile vidude vya mpira vilivyo ndani ya mifereji, ambavyo kashata ikilingana navyo tairi limekwisha, vina milimita 1.6. Maana yake nusu ya kashata ilikuwa bado ipo. Nikaanza kujisifu. Kwenye harusi ya binamu nilimwambia kaka mbele ya watu: "Jeneza langu lina mwaka wa tano, la kwako je?" Watu wakacheka. Yeye alikuwa ameshabadilisha mara mbili.

Sasa Aprili. Ijumaa jioni, mvua, Morogoro Road, nashuka kutoka Kimara kuja Ubungo. Si mvua ya kutisha. Mwendo wangu haukuzidi 50. Daladala mbele yangu ikasimama ghafla, kama ilivyo haki yake ya kuzaliwa. Nikakanyaga breki. ABS, ile inayozuia matairi yasijifunge ukibana breki, ikagonga mguuni, tutututu, na gari likaendelea kwenda. Sijui namna ya kulieleza hili. Ni kama umemwita mtoto na amekusikia ila haji. Nikaona namba ya daladala, nikaona stika, nikaona kutu iliyo chini ya stika. Likasimama. Kati ya boneti yangu na bampa yake usingepitisha kitabu kinene.

Kondakta alichungulia kwa dirisha la nyuma, akanipungia mkono.

Nilikwenda kwa fundi nikijua ni breki. Akafungua, pedi nzima, diski safi. Akaangalia matairi, akaingiza kucha kwenye mfereji. "Kashata hii hapa mama. Tairi zima kabisa hili." Na kweli ukiangalia kwa macho ni zima. Lakini mimi nilikuwa nimelala usiku kucha nikiona ile kutu. Nikamwambia anipe tairi lolote jipya alilonalo. Nikabonyeza kucha kwenye kashata yake: ikazama, ikaacha alama, alama ikapotea taratibu. Nikabonyeza langu. Kama kubonyeza meza. Tukaligeuza kwenye mwanga, na chini ya mifereji, kote, nyufa nyembamba kama za tope lililokauka.

Mifereji kazi yake ni kuyapisha maji. Kinachoishika lami ni mpira wenyewe, na mpira ukizeeka unakauka na kukakamaa. Jua, joto na hewa vinaula kidogo kidogo hata gari likiwa limesimama. Langu linasimama sana. Kazini hakuna kivuli, linaanikwa kwa muda wa saa tisa kila siku. Halafu tangu 2024 treni ya SGR ianze, Morogoro siendi tena kwa gari, ni treni na begi la mgongoni. Gari likabaki Dar likianikwa. Sifa niliyokuwa nikijivunia harusini ilikuwa ndiyo ugonjwa: matairi yalikuwa hayaishi kwa sababu yalikuwa yameshakuwa magumu.

Nilichukua miezi minne kutafuta pesa, na katika miezi hiyo kila wingu likinyanyuka nilipanda daladala.

Nimepiga hesabu kwenye daftari, nikisubiri leo. Yale manne pamoja na lile moja la 2022 ni 435,000. Gawanya kwa kilomita zangu, ni shilingi kumi na nusu kwa kilomita. Yale ya moyo, 680,000, yangekuja kama kumi na sita na nusu kama nayo ningeyavua leo. Tofauti ni shilingi sita kwa kilomita, wakati petroli peke yake inanila kama 200. Kwa safari ya kilomita mia nimeokoa 600, nauli ya daladala ya njia fupi. Nilipoiona hiyo namba niliifuta nikapiga upya. Ikarudi ileile.

Hata hivyo leo pia sikununua ya moyo. Gari linalotembea kidogo na kuanikwa sana litakausha jina lolote lile, liwe kubwa au dogo. Nimechukua ya katikati, 135,000 moja, yenye miezi mitatu tangu kiwandani, nilichagua kwa kucha mbele ya muuzaji aliyekuwa akitazama saa. Kwenye jalada la daftari nimeandika kwa kalamu nyekundu: YAVULIWE 2029, HATA KAMA YANA KASHATA. Nimenunua pia turubai la kufunika gari, kaka anasema nimeanza uzee.

Lile la 2022 nimelibakiza liwe spea. Ni nene kuliko spea yake ya asili, sakafu ya buti imetuna, mizigo itazoea. Yale matatu mengine fundi aliyaegemeza kwenye mwembe, akayafuta vumbi kwa tambara. Kufuta kule kulinitia wasiwasi.

"Mama, haya unaniachia?"

"Ya nini?"

"Kuna mtu wangu ana Vitz kama hii. Ya kwake ya mbele yametoa waya nje. Nimpe mawili haya atashukuru, nami nitakupa ishirini."

Nikayaangalia. Milimita nne. Kwa mtu mwenye waya nje, hayo ni matairi mapya. Nikitoboa mbavu kwa bisibisi, kama nilivyokuwa nimepanga tangu Aprili, yule mtu kesho anatembelea waya. Nisipotoboa, anatembelea meza yangu. Nilikaa na bisibisi ya fundi mkononi mpaka akaniuliza kama nataka kufungua kitu.

Nikairudisha kwenye sanduku. Ile ishirini sikuichukua, ingawa sijui hilo linamsaidia nani.

"Mwambie basi," nikasema, "mvua ikinyesha aende polepole. Au apaki kabisa."

Fundi alikuwa ameshaanza kuyasukuma, moja kwa kila mkono, kuelekea kibandani. Alicheka bila kugeuka.

"Huyo anafanya teksi za mtandao, mama. Mvua ndiyo pesa yake."