Kona ya mnara wa tabiya: nilivyoijenga

Mnara wa Espantaperros ulioko Badajoz, Hispania, ni kazi ya karne ya 12 ya Al-Muwahhidun, watawala Waislamu wa Maghreb na Hispania. Una pande nane, nao umesimama nje ya boma, ukiungana nalo kwa ukuta tu, ili walinzi wampige ubavuni adui aliyefika chini ya boma. Wahispania huita minara hii albarrana, kutoka barrani ya Kiarabu, yaani wa nje. Kuta zake ni tabiya: udongo na chokaa vilivyoshindiliwa ndani ya mbao. Ukuta ulionyooka hauna taabu. Nilichotaka kujaribu ni kona ya nyuzi 135, ile ya umbo la pande nane.

Ili kupata pande nane, nilipiga mraba wa mita 2 chini, nikavuta kamba pembe kwa pembe kupata kitovu. Kamba ya kutoka kona hadi kitovu, sm 141, niliizungusha ikagusa pande mbili zinazokutana kwenye kona ile. Vivyo hivyo kona zote nne. Alama nane, kila upande sm 83. Ukipata 80 huku na 86 kule, mraba ulikwenda mshazari. Anza upya.

Ibn Khaldun, mwanahistoria Mwarabu wa karne ya 14, ametaja mbao za tabiya za dhiraa 4 kwa 2. Zangu zilikuwa nusu ya hapo. Mbao za ndani ni fupi zaidi: ukuta wa sm 40 huacha upande wa ndani wa sm 50.

Mchanganyiko: ndoo 5 za udongo, 3 za mchanga wenye changarawe, 1 ya chokaa iliyozimwa. Finyanga tonge, lidondoshe kutoka kifuani. Likivunjika vipande vichache, sawa. Likibandika chini kama ugali, maji yamezidi na ukuta utapasuka ukikauka. Tabaka la sm 15 shindilia libaki 10, hadi mlio wa mchi uache kuwa pu uwe ta.

Kona ya kwanza ilipasuka juu hadi chini, kwa sababu nilimaliza upande mmoja ndipo nikaanza wa pili. Mara ya pili kila tabaka lilipinda kona bila kukatika, na kwenye pembe nikaongeza chokaa. Ikashika.

Vijiti vinavyopita ukutani kushika mbao vipake mafuta, uving'oe siku hiyohiyo. Nilivyoviacha vilale vilikatikia ndani. Matundu yake ndiyo yale madoa yaliyojipanga kwenye kuta kama hizi. Pima kutoka mstari hadi mstari, utajua mbao za fundi zilikuwa na kimo gani.