Chhath ya Patna: jua la magharibi hupewa heshima kwanza

Baada ya Diwali, treni za kwenda Bihar, jimbo la mashariki mwa India, hazina pa kutia mguu. Kila Mbihari anayefanya kazi Delhi, Mumbai au Surat anataka kuwahi nyumbani, na katika behewa letu watu walilala hadi kwenye njia, mabegi kifuani. Nilikuwa nakwenda Patna, mji mkuu wa jimbo hilo, kwa rafiki niliyesoma naye chuo. Kwetu Dar es Salaam nimezoea Diwali ya Wagujarati pale Kisutu. Chhath nilikuwa naisikia tu.

Sikukuu hii ni ya Surya, yaani Jua, na ya Chhathi Maiya, mama anayelinda watoto. Hudumu siku nne, na kilele chake ni siku ya sita ya mwezi mchanga wa Kartik, mmoja wa miezi ya kalenda ya Kihindu. Siku ya kwanza mfungaji huoga mtoni na kula mlo safi mmoja. Jioni ya pili hula mkate na wali wa maziwa uliopikwa kwa sukari guru. Akishamaliza hapo, hali wala hanywi hata tone la maji kwa takriban saa 36.

Mama wa rafiki yangu ndiye aliyefunga. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya jiko jipya la udongo, kuni za mwembe zikiwaka, akikaanga thekua kwenye samli. Unga wa ngano hukandwa na sukari guru, donge likagandamizwa kwenye kibao kilichochongwa mfano wa jani, kisha likatumbukizwa mafutani mpaka liive rangi ya kahawia. Hakuna anayeonja. Nilipotaka kusaidia, aliniambia kwa upole, "Mwanangu, kaoge kwanza." Nikaenda kuoga.

Nikamuuliza asili ya ibada hii, akanipa visa vitatu kwa mpigo. Draupadi, mke wa ndugu watano wa Pandava katika utenzi wa Mahabharata, alifunga waume zake walipopoteza ufalme wao kwenye mchezo wa dadu, nao wakaurudisha. Karna, mwana wa Surya na mfalme wa Anga, nchi iliyokuwa upande wa Bhagalpur ya leo, alimwabudu baba yake akiwa amesimama majini. Na watu wa mji wa Munger wanasema Sita alifanya ibada hii kwao, kwenye ukingo wa mto Ganga, aliporudi na mumewe Rama kutoka uhamishoni. Mimi kilichonigusa zaidi ni kisa cha Karna, maana kesho yake nilikiona kwa macho.

Alasiri tulishuka mtoni. Wanaume walibeba makapu kichwani, ndani mna nazi, ndizi, ndimu kubwa na thekua, huku miwa imefungwa pembeni. Barabara ilikuwa imefagiwa na kumwagiwa maji na vijana wa mtaa. Baadhi ya waumini walikwenda kwa kulala kifudifudi, wakaweka alama walipofika mikono, wakasimama hapo na kulala tena, hadi mtoni. Mama aliingia maji ya kiuno, sindoor, poda wanayopaka wanawake walioolewa, ya rangi ya chungwa imetoka puani hadi katikati ya nywele, akainua ungo wa mianzi kuelekea jua lililokuwa linazama. Sisi tukapita mmoja mmoja tukimimina maziwa na maji mbele ya ungo. Kuhani hakuhitajika. Tajiri na mchuuzi walisimama bega kwa bega, kila mmoja na ungo wake, na hilo ndilo lililonifanya niipende Chhath kuliko sherehe zote nilizoziona India.

Tulirudi mtoni usiku wa manane, baridi kali, tukasubiri jua lichomoze ili lipewe heshima yake ya pili. Mama akafungua saumu kwa tangawizi na maji, vijana wakainama kumgusa miguu. Njiani kurudi, watu tusiowajua walinyosha mikono kuomba thekua, nasi tukawapa; kuomba chakula cha Chhath si aibu kwa yeyote, hata mwenye gari.