Nilivyovusha mzigo wa Lubumbashi kupitia Tunduma

Kontena langu la kwanza la transiti, yaani mzigo unaopita tu nchini kwenda nchi nyingine, lilikwama Tunduma, mpakani na Zambia, siku sita. Lilikuwa la futi ishirini, limejaa vigae vya mama mmoja wa Lubumbashi, Kongo, aliyeniamini kwa simu tu. Kila asubuhi alinipigia: "Mwana, bintu yangu iko wapi?" Nikimjibu iko kwenye foleni. Foleni ilikuwepo kweli, ila kilichotukwamisha ni tarakimu moja. Kwenye karatasi namba ya lakiri, ile sili inayofunga mlango wa kontena, iliishia na 3. Mlangoni mwa kontena iliishia na 8.

Siku ya nne nikapanda basi kutoka Dar. Nilimkuta dereva wangu, mtu mzima kumzidi baba yangu, anasonga ugali kwenye jiko la mkaa pembeni ya tela. Nilimwamkia, akanisogezea ndoo nikae. Hakunilaumu hata kidogo. Alinisimulia kuwa baba yake alikuwa kibarua wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, miaka ile Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ilipofunga mpaka wake na Zambia, 1973, na shaba ya Zambia ikawa inatafuta njia ya kufika baharini. Reli ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi ilikamilika 1975. "Wakati ule sisi ndio tulikuwa mlango," alisema. "Siku hizi milango ni mingi, mwanangu."

Maneno yale yaliniingia. Yule mama anaweza kupitisha vigae vyake bandari za Durban, Beira au Walvis Bay, na shaba ya Kolwezi, huko huko Kongo, ina reli ya kwenda Lobito kule Angola. Sisi tunajivunia Bahari ya Hindi na majirani wasio na pwani: Zambia, Malawi, Burundi, Rwanda, Uganda. Ni kweli, kutoka Dar hadi Lubumbashi unakatiza nchi moja tu ya kati, Zambia, wakati wa Durban ana mbili, Zimbabwe na Zambia, mbele yake. Lakini mteja anahesabu siku, na mimi nilikuwa nimezichoma sita kwa namba moja.

Karatasi zikarekebishwa, lori likavuka. Kabla ya kurudi nilikwenda Nakonde kuonana ana kwa ana na wakala wa upande wa Zambia. Tangu 2019 maofisa wa nchi zote mbili wanafanya kazi pamoja kwenye kituo kimoja, ila hilo halimsaidii mtu ambaye karatasi zake zinafika pamoja na lori.

Mzigo wa pili nilituma nyaraka Nakonde na Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, meli ikiwa bado baharini. Kontena liliposhushwa nikapiga picha lakiri kwa simu yangu, nikamsomea namba mwenzangu herufi kwa herufi naye akiangalia karatasi, kisha tukabadilishana. Uzito niliuhakikisha kabla lori halijafika mizani ya Vigwaza.

Lilifika Tunduma jioni, kesho yake mchana likawa Zambia. Safari hii nilimpigia mimi: "Mama, bintu yako imeshavuka." Alinyamaza kidogo, akaniomba nisubiri achukue kalamu. Dada yake anapitisha mizigo Durban, alitaka kumpa namba yangu.